Kupita si kupona: maneno ya Mkunguni kuhusu mshipa wa shingo

Maneno haya kuhusu kiharusi niliyasema Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, Jumamosi moja baada ya sala ya Alasiri. Waliokosa kufika waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimepunguza marudio tu, na zile nyakati ambapo punda alinishinda sauti.

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kama watu wenye safari. Karibuni mkae, mawe haya ya baraza hayana mwenyewe. Nimeagizwa nisiwachoshe, kwa hiyo sitaanza na vitabu. Nitaanza na marehemu babangu.

Baba alikuwa seremala wa milango. Asubuhi moja alikuwa amekaa barazani kwetu Langoni, kikombe cha kahawa chungu ubavuni, ubao mapajani, anachora ua kwa penseli kabla ya kulichonga. Jicho lake la kushoto likaanza kuingia giza kutoka juu kwenda chini, polepole, kama tanga linaloteremshwa. Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa kikoi, akaivaa tena. Giza lile lile. Akafumba jicho la kulia: haoni kitu. Akafumba la kushoto: ua lake lile pale, penseli ile pale. Kabla kahawa haijapoa tanga likapanda, akaona kama kawaida, akaendelea kuchora.

Jioni alinipigia simu. Mimi nilikuwa daktari tayari, mwaka wa pili kazini, Mombasa. Nikamuuliza, "Sasa unaona, baba?" Akasema anaona. "Kichwa chauma?" Hakiumi. Nikamwambia, "Basi hapana neno, ni miwani hiyo imechoka. Nikija likizo nitakupeleka ukapimwe macho." Aliyesema hivyo si mganga wala jirani. Ni mimi, na koti jeupe nimelivaa.

Siku ya 9 baada ya simu ile, alfajiri, mamangu alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda. Mkono wa kulia umelala pajani kama si wake, mdomo umekwenda upande. Anataka kusema jambo, neno haliji. Mama alinipigia akaniambia maneno mawili tu: "Babako haneni."

Aliishi miaka 6 baada ya siku hiyo, na mkono ule haukushika patasi tena. Kulikuwa na jambo moja lililotushangaza sana nyumbani. Hakuweza kuomba maji wala kutaja jina langu, lakini ukimwanzishia Alhamdu alikwenda nayo mpaka Amin bila kukwama. Nilikuja kuona baadaye kwamba wagonjwa wengi wa namna hii huwa hivyo. Maneno ya kuyatunga papo hapo hupotea, na yale yaliyozoeleka tangu utotoni, dua, nyimbo, kuhesabu moja mbili tatu, hubaki. Mama alikuwa akikaa naye kila Magharibi wakisoma pamoja, kwa sababu hayo ndiyo mazungumzo pekee waliyobaki nayo.

Sikuja hapa kuomba radhi hadharani, ingawa na hiyo imo. Nimekuja kwa ajili ya zile siku 9. Jicho la kushoto lilikuwa linaleta habari ya shingo ya kushoto, na mimi niliyesomeshwa kwa kodi zenu sikuisikia.

Basi tuiangalie hiyo shingo. Kila mmoja aliyewahi kuchinja mbuzi hapa anajua kwamba kuna mishipa miwili, mmoja kila upande wa koo, na hujamaliza kuchinja mpaka umeikata. Ndiyo hiyo hiyo. Weka vidole viwili pembeni mwa koromeo, upande mmoja tu, taratibu, usibonyeze. Unasikia inapiga? Hiyo ni ateri inayopeleka damu ubongoni. Wayunani wa kale waliipa jina, karotidi, linalotokana na neno la kuzimia, kwa kuwa waliona ukiibana kiumbe hulegea na kupoteza fahamu. Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 tu katika 100 ya uzito wake, lakini unakula karibu sehemu 20 katika 100 ya hewa safi inayobebwa na damu. Ni mgeni mdogo mwenye sahani kubwa.

Mshipa huu ukifika karibu na pembe ya taya hugawanyika kama panda ya manati. Tawi moja huenda usoni na kwenye ngozi ya kichwa, na jingine huingia ndani kwenda ubongoni na kwenye jicho. Hapo penye panda ndipo penye maneno. Damu ikifika njia panda haiendi moja kwa moja. Inazunguka, inajipiga ukutani, kama maji kwenye nguzo za gati. Miaka ikipita, mafuta na chokaa hujijenga mahali hapo, ndani ya ukuta wenyewe, chini ya ule utando laini wa ndani. Presha inasukuma, sigara inakwangua, sukari inachubua, na mafuta yanapata pa kukaa. Mtu hasikii chochote. Hakuna maumivu wala kikohozi, na shingo haivimbi.

Wale mnaokwenda Pate, Siyu na Faza mnapita Mkanda, kwa hiyo nyinyi sihitaji kuwachorea picha. Mnajua mlango wa maji ukiwa mwembamba boti inapita kwa hesabu. Lakini hapa watu wengi hukosea, hata baadhi yetu wa hospitali. Wanadhani hatari ni ule wembamba, kwamba damu haifiki. Mara nyingi damu inafika, maana mshipa wa upande wa pili na ile miwili inayopita nyuma ya shingo hukutana chini ya ubongo na kusaidiana. Hatari kubwa ni kipande kumeguka. Yale mafuta hupasuka, damu inaganda juu yake, kisha kibonge kinang'oka na kuchukuliwa na mkondo. Fikiria gogo la mkoko lililong'oka: halikusumbui kwenye mkondo mkubwa, linakwenda kukwama kwenye kijito chembamba huko mbele. Kibonge kikikwama kwenye mshipa wa jicho, jicho linafunga upande ule ule. Kikikwama ubongoni, mkono na mguu vinalala upande wa pili, kwa kuwa nusu ya kushoto ya ubongo ndiyo inayoendesha mwili wa kulia. Na kwa watu wengi ulimi nao una makao yake kushoto. Ndiyo sababu babangu alipoteza jicho la kushoto kwa dakika chache, na mkono wa kulia na maneno kwa maisha yake yote. Ulikuwa mshipa mmoja.

Sasa sikilizeni hapa, hata nyinyi mnaotafuna muguka pale pembeni. Mara nyingine kibonge kikikwama huyeyuka chenyewe. Mkono unalala dakika 10, unaamka. Kikombe kinaponyoka, unakiokota unacheka. Ulimi unakuwa mzito kama wa mlevi, halafu unanyooka. Jicho linafunga na kufunguka. Sisi tunasema alhamdulillahi, imepita, ni upepo tu, ni uchovu, ni jua. Kushukuru ni wajibu, lakini kupita si kupona. Hicho ni kiharusi cha kupita, ni onyo, na kilikotoka kipande cha kwanza kuna cha pili. Katika watu 100 wanaopatwa na hali hiyo bila kutibiwa, wapatao 10 huweza kupigwa na kiharusi kamili ndani ya miezi 3, na karibu nusu ya hao hupigwa katika siku 2 za mwanzo. Saa 48! Na mimi nilimwambia baba angoje likizo yangu.

Jina lenyewe, kiharusi, linakaa karibu na harusi kimatamshi, na sote tumewahi kusikia mzaha wake. Vinafanana kwa jambo moja tu: vyote viwili hujaza watu nyumba.

Mtu akiwahi hospitali baada ya onyo hilo, nini kinafanyika? Kwanza anapigwa picha ya kichwa ile ya mashine ya mviringo, kuhakikisha hakuna damu iliyovuja. Damu ikivuja matibabu yake ni mengine kabisa, na aspirini huko ni sumu. Kisha shingo inapimwa kwa altrasaundi, ile ile ya akina mama wajawazito. Haichomi wala haiumi. Unapakwa utelezi wa baridi shingoni, basi. Mashine inapima mbio za damu. Manahodha mtaipenda hii: palipobana, mkondo hukaza. Daktari akiona damu inakimbia kupita kiasi penye panda, anajua mlango umebana, na kwa mbio hizo anakadiria umebana kwa asilimia ngapi.

Wote, awe amebanwa kidogo au sana, huanzishiwa dawa: aspirini au klopidogreli ili damu isigande ovyo, statini ya kutuliza mafuta ukutani, na dawa za presha. Dawa hizi si kitu cha kungojea operesheni. Ni matibabu yenyewe, na zinaanza siku hiyo hiyo.

Halafu kuna wale ambao mlango umebana kwa asilimia 70 na kuendelea, na wamekwisha kupata onyo. Hawa kwa kawaida hushauriwa kufunguliwa mshipa na kuondolewa uchafu. Nimewahi kusimama chumbani, Nairobi, wakati kazi hiyo ikifanywa. Mgonjwa alikuwa mzee wa makamo ya babangu, na alikuwa macho, kwa maana alichomwa ganzi ya shingo tu. Mkononi, upande wa pili wa shingo inayopasuliwa, alishikishwa mwanasesere wa mpira, wale wa watoto wanaolia ukiwabinya. Daktari aliipasua ngozi mbele ya msuli wa shingo, akaufikia mshipa, akaubana kwa vibanio juu na chini. Sasa upande ule wa ubongo unategemea msaada wa jirani. Daktari akasema, "Mzee, binya." Kwii. Akafungua mshipa kwa urefu. "Binya." Kwii. Chumba kizima cha watu wazima wenye shahada kimetega masikio kwa mwanasesere wa bata. Angenyamaza bata, wangeingiza haraka mrija mdogo wa kupitishia damu. Hakunyamaza.

Uchafu wenyewe daktari aliumenya kama mtu anayetoa ganda la ndani la embe bila kuharibu la nje. Ulitoka mzima, wa njano, mgumu kama gamba la chaza ukiugusa kwa koleo, na una umbo la panda, kwa sababu ulikuwa umechukua sura ya nyumba yake. Mafundi wa Matondoni wangeielewa kazi ile bila kuelezwa: unalipandisha jahazi pwani, unakwangua kilichoganda, unatia kiraka penye haja, unakalafati, unalirudisha majini. Tofauti ni kwamba hapa ulichokwangua kiko ndani ya ubao wenyewe, na jahazi linapiga moyo. Mshipa ukatiwa kiraka, ukashonwa kwa uzi mwembamba kuliko unywele, vibanio vikatolewa. Kazi yote haikutimiza muda wa saa 2.

Haikuvumbuliwa jana. Mwaka 1954, hospitali ya St Mary's, London, madaktari Eastcott, Pickering na Rob walimtibu mama wa miaka 66 aliyekuwa amepatwa na onyo mara 33. Mara 33! Waliondoa sehemu iliyobana wakaunganisha ncha. Baadaye ikajulikana kwamba Michael DeBakey, kule Houston, alikuwa amefanya kazi ya namna hiyo mwaka 1953 kwa bwana wa miaka 53, naye akaishi miaka 19 bila kiharusi. Lakini mgonjwa mmoja mmoja si ushahidi, na kwa miaka mingi watu walipasuliwa kwa imani ya daktari tu. Ushahidi ulikuja mwaka 1991, katika utafiti wa Marekani na Kanada. Wagonjwa 659 waliopata onyo, mshipa umebana kwa asilimia 70 hadi 99, waligawanywa: kundi moja dawa peke yake, kundi jingine dawa pamoja na upasuaji. Baada ya miaka 2, waliopigwa na kiharusi cha upande ule walikuwa 26 katika 100 kwenye kundi la dawa, na 9 katika 100 kwenye kundi la upasuaji. Utafiti ulisimamishwa kwa kundi hilo kabla ya wakati wake, maana ilikuwa si haki kuendelea kuwanyima wengine.

Lakini hesabu ninayotaka mwende nayo nyumbani ni nyingine. Ilitoka mwaka 2004, tafiti kubwa zilipounganishwa. Ukiwapasua watu ndani ya wiki 2 tangu onyo, kwa kila watu 5 unamwokoa mmoja asipigwe na kiharusi katika miaka 5 inayofuata. Ukingoja zaidi ya wiki 12, unahitaji kuwapasua watu 125 ili umwokoe mmoja. Kisu ni kile kile na daktari ni yule yule. Kilichobadilika ni kalenda.

Sasa pigeni hesabu zetu. Mtu yuko Kizingitini, onyo limempata Ijumaa jioni. Maji yametoka, boti haitoki mpaka yajae. Asubuhi anafika Lamu, anapimwa presha, anaambiwa arudi Jumatatu daktari atakapokuwepo. Jumatatu anaambiwa, nenda Mombasa. Familia inakaa kikao, inauzwa mbuzi, inatafutwa nauli, anavuka Mokowe, anashika basi la Garsen na Malindi. Mombasa anapewa tarehe ya altrasaundi. Wapasuaji wa mishipa ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, kwa hiyo safari ya pili. Wiki 2 zimekwisha kabla hajavua viatu. Simlaumu mtu kwa jina. Nasema tu kwamba sehemu ya njia hiyo hatuwezi kuifupisha leo, lakini ile ya kwanza, ya kukaa nyumbani tukisema imepita, hiyo ni yetu wenyewe na haina nauli. Ukifika kwa daktari usiseme "sijisikii vizuri." Sema: "Mkono wangu wa kulia ulilala dakika 10 jana saa 4 asubuhi, ukaamka." Saa, upande, muda. Maneno hayo yanafungua milango.

Na si kila shingo inataka kisu. Iliyobana chini ya asilimia 50 haifaidiki. Kati ya 50 na 69 faida ipo lakini ndogo, inataka mashauriano. Iliyoziba kabisa, asilimia 100, kwa kawaida haifunguliwi. Hakuna mkondo wa kubeba kibonge tena. Na wale waliobanwa bila kuwahi kupata onyo lolote? Hapo wataalamu bado wanavutana. Utafiti wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba katika miaka 5 hatari ilishuka kutoka 11 katika 100 hadi 5 katika 100, lakini dawa za siku hizo zilikuwa dhaifu kuliko za leo. Kwa wengi wa aina hii, mimi ningeanza na dawa. Kwa hiyo mtu akiwauzia kifurushi cha kupimwa shingo kila mwaka hali hamna dalili yoyote, wekeni pesa zenu mfukoni. Hata jopo la kinga la Marekani limeshauri watu wasio na dalili wasipimwe shingo ovyo, kwa sababu watakaopasuliwa bila haja nao wanaweza kudhurika. Upasuaji huu wenyewe unaweza kuleta kiharusi kile kile unachokikimbia. Una haki ya kumuuliza daktari, kwa adabu: katika watu 100 mliowafanyia hapa, wangapi walipigwa na kiharusi au walifariki? Kwa walio na onyo, jibu linatakiwa liwe chini ya 6. Wengine hubaki na ganzi kwenye ndewe ya sikio, au sauti ya kukwaruza kwa muda.

Kuna njia nyingine ya kupitisha waya kutoka kwenye kinena hadi shingoni na kuweka neli ya wavu, stenti. Inafaa kwa baadhi. Kwa waliopita miaka 70, upasuaji umeonekana kuwa salama zaidi. Hapo nisiendelee, nitageuka mwalimu wa chuo.

Ukweli mwingine nisiufiche, kwa kuwa nimesimama hapa na kuisifia shingo. Viharusi vingi vya hapa kwetu havitoki shingoni. Vinatokana na presha inayopasua au kuziba mishipa midogo ndani ya kichwa. Tafiti za Marekani ziliona watu weusi huziba zaidi mishipa ya ndani ya kichwa kuliko ya shingo. Basi ukiniuliza nichague kitu kimoja kwa ajili ya Amu, Lamu yetu hii yote, sitachagua kisu, nitachagua kile kitambaa cha kupimia presha. Kuishusha ile namba ya juu ya presha kwa nukta 10 tu kunapunguza viharusi kwa karibu robo. Na vidonge vya presha si panadoli, kwamba kichwa kikitulia unaviweka kabatini. Nimewaona wazee wanaomeza wiki ya kliniki tu, ili mashine iwape sifa!

Mama zangu, ng'onda na papa ni urithi wetu, siwezi kuwaambia mwache na mimi mwenyewe nitakula leo usiku. Lakini loweka, mwaga maji, loweka tena, na achari isikae mezani kama chumvi ya pili. Chumvi ya siku nzima kwa mtu isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya samaki na mkate. Sigara na tumbaku ya tambuu mnazijua, na miraa inapandisha presha, hilo halina ubishi.

Na mtu akishapigwa, uso umepinda, mkono hauinuki, ulimi umekwama, msimpe maji wala asali wala tende. Najua ni mapenzi. Koo lake limelala pia. Kile kijiko kinakwenda kwenye mapafu. Msimpe aspirini nyumbani, hamjui ni kuziba au kuvuja. Mlazeni ubavu, tazameni saa, itieni akilini ile saa, mumpeleke. Dawa ya kuyeyusha kibonge kwa kawaida ina muda wa saa 4 na nusu tu, kwa hospitali iliyo nayo. Dua someni njiani, haina mwiko wa boti.

Maswali yalikuwa mengi. Mzee mmoja aliuliza kama hili si pepo la bahari, maana bibi yake alipatwa akitoka kuoga ufuoni. Nilimwambia sina mashine ya kupima pepo, na sitagombana na aliyemsomea bibi. Naomba tu anayesoma na anayetafuta boti wasiwe mtu mmoja, ili kazi zote mbili zifanyike kwa wakati mmoja. Alicheka, lakini naona alikubali.

Mama mmoja aliuliza juu ya kukandwa shingo, kwa sababu binti yake ni fundi wa kukanda na wazee humjia. Mabega sawa, mgongo sawa. Pembeni mwa koo, kwa mtu wa makamo, aache kabisa. Kukamua mshipa wenye uchafu ni kumegua kipande kwa mkono wako mwenyewe. Kuvunja shingo ikalia "ka" nako kumewahi kupasua mishipa ya watu, hata vijana. Akaniuliza kama kuumika kunafaa. Nikasema anayemeza klopidogreli amwambie kwanza mwumikaji, damu yake haitasimama upesi.

Wa mwisho alikuwa kijana wa boti, kofia ya kampuni kichwani, aliyesimama muda wote. Alisema hakuuliza kwa ajili yake. Ami yake Jumatano alidondosha kikombe cha chai, mkono wa kulia, akashindwa kukiokota. Walimcheka. Baada ya muda kidogo akakiokota, akaenda kazini.

"Alisema vizuri wakati ule?"

"Alikuwa kama mtu mwenye mkate mdomoni."

"Alienda kwa daktari?"

"La. Alisema imepita."

"Yuko wapi sasa?"

Akaangalia baharini kabla ya kujibu. "Ameshika usukani. Amepeleka abiria Faza, atarudi na maji ya usiku."

Nikamwambia ampigie simu pale pale, mbele yetu, amwambie amwachie mwenzake usukani. Maswali mengine yalibidi yangoje.